Vantilateri ya okazyo kwa kuvuta unga wa mbao: mambo ya kujua mbele ya kununua

Pale njia panda ya Sake, fasi barabara zinaachana, moja kwenda Minova, ingine kupanda Masisi, ingine Kitshanga, sauti ya mashini za mbao imerudia. Watu waliokimbia mu mwezi wa pili 2024 na kulala mu makambi pembeni ya Goma, wengi walirudia 2025. Wengine walikuta nyumba hazina mlango wala dirisha. Kwa hiyo maseremala wako na kazi. Lakini atelie nyingi za hapa ni nyumba ya mtu: baba anapasua mbao mbele, mama anapika nyuma, watoto wanalala katikati. Unga wa mbao wote wanauvuta pamoja.

Unga huu si uchafu tu wa kufagia. Tangu 1995, shirika la kimataifa la utafiti wa kanseri, CIRC, lenye makao Lyon kule Ufaransa, limeweka unga wa mbao mu kundi la kwanza, ni kusema mu vitu vinavyojulikana wazi kwamba vinaleta kanseri kwa mtu. Inashika zaidi ndani ya pua. Mbele ya kufika huko kuna pumu, kikohozi kisichoisha, macho mekundu. Mbao ngumu za msitu zinaogopwa zaidi. Mu nchi za Umoja wa Ulaya, tangu 2023 sheria hairuhusu kupita miligramu 2 za unga wa mbao ngumu mu metre kibe moja ya hewa. Seremala anayesablé meza bila kitu cha kuvuta unga anaweza kupita kipimo hicho kwa urahisi.

Mashini mpya ya kuvuta unga ni bei kali. Ndiyo maana mafundi wanatafuta vantilateri za okazyo: za mashini za kukoboa kahawa ao mpunga, za viwanda vya majani ya chai, za kukausha, na zingine zinazouzwa kama vyuma vikuukuu. Wazo ni zuri. Lakini si kila kitu kinachopuliza kinaweza kuvuta unga.

Kwanza umbo. Ile ya mabawa, sawa feni ya nyumbani ao ile inayopeleka hewa mu mashimo ya madini, inasukuma hewa mingi fasi wazi, lakini ukiifunga kwenye tiyo ndefu inachoka. Tena mara mingi moteri yake iko katikati ya njia ya hewa, na unga unapita juu yake. Tafuta ile ya umbo la konokono: hewa inaingia katikati, inatupwa pembeni. Hiyo ndiyo inaweza kuvuta mu tiyo. Ile ndogo ya mafundi wa kufua chuma ni konokono pia, lakini hewa yake ni kidogo sana kwa mashini ya raboti.

Hewa ngapi? Ili maranda yasilale mu tiyo, hewa inapaswa kukimbia karibu metre 20 kwa segonde. Mu tiyo ya santimetre 10, hiyo inakuwa karibu metre kibe 565 kwa saa. Mu tiyo ya santimetre 15, karibu 1270. Utaona basi: tiyo nyembamba inanyonga hewa, na tiyo pana kupita nguvu ya vantilateri inaacha maranda yalale chini na kuziba. Tumia tiyo fupi, makona machache, na uzibe kila tundu. Tundu dogo kwenye kiungo linaiba hewa kuliko unavyofikiri.

Kiisha soma plaketi ya moteri. Nyingi za viwandani ni trifaze, na umeme wa nyumba ni monofaze. Kuna namna ya kuizungusha kwa kondensateri, lakini nguvu inapungua. Uliza fundi wa umeme, usijaribu peke yako. Wengine wanabadilisha puli ili gurudumu lizunguke mbio zaidi. Hapo ndipo moteri nyingi zinaungua. Ukiongeza mwendo asilimia 20, hewa inaongezeka asilimia 20, lakini nguvu inayoombwa na moteri inaongezeka karibu asilimia 73.

Kitu kingine kinachoshangaza watu: konokono ikizunguka bila tiyo, mdomo wazi, moteri inabeba mzigo mzito kuliko ikiwa imezibwa. Kwa hiyo usiijaribu kwa muda mrefu bila tiyo. Wakati wa kuiwasha, funga mdomo kwa kipande cha ubao, gurudumu likishika mwendo ndiyo ufungue. Hiyo inasaidia sana kama unatumia grupu ndogo, juu moteri ikianza inaweza kukula umeme mara tano ao saba kuliko kawaida.

Usiache maranda yapite ndani ya gurudumu. Msumari mmoja ukigonga chuma unatoa cheche, na cheche mu unga mkavu ni moto. Kule Canada, mu jimbo la British Columbia, viwanda viwili vya mbao vililipuka mu 2012, kimoja Burns Lake mu mwezi wa kwanza, kingine Prince George mu mwezi wa ine, na kila kimoja kiliua watu wawili. Chanzo cha nguvu ya mlipuko kilikuwa unga mkavu. Basi weka pipa la chuma la lita 200 mbele ya vantilateri, lenye kifuniko kilichofungwa vizuri. Hewa iingie pembeni ili izunguke, itoke katikati juu. Mazito yanaanguka ndani ya pipa. Pipa la plastiki nyembamba linaweza kujikunja kwa mvuto. Tiyo za chuma ziunganishwe na waya mpaka mu udongo.

Halafu hewa inayotoka inaenda wapi? Hapa watu wengi wanakosea. Wanafunga mfuko wa kitambaa ndani ya atelie, maranda yanabaki, lakini unga laini kabisa, ule unaofika mu mapafu, unapita kitambaa na kuelea siku nzima. Atelie inaonekana safi, kumbe hewa imekuwa mbaya zaidi. Toa hewa inje, juu ya manjanja, mbali na jiko la jirani. Parsele zetu zimebanana. Ongea naye mbele ya kutoboa ukuta.

Kujua kama inafanya kazi, ngoja usiku. Washa mashini, zima taa, kiisha angaza torshi kwa upande. Vumbi inayoelea mu mwangaza ndiyo ile unavuta kila siku. Kama bado ni mingi, leta mdomo wa tiyo karibu na msumeno, santimetre chache tu, na vaa maski ya FFP2 wakati wa kusablé. Kitambaa cha kufunga pua hakizuii unga laini.