Deni la Masurufu na Kifungo cha Madai katika Usambara

Asomaye sheria ya ndoa itumikayo Lushoto huenda akadhani kuwa mwanamume aliyeachana na mkewe ndiye aliyekuwa mdaiwa tangu zamani. Katika milima ya Usambara deni la talaka lilielekea upande mwingine. Mume alitoa mahari kwa baba wa mke, na mke akagawiwa shamba la kulima katika ardhi ya mumewe. Ndoa ilipovunjika shamba lilibaki, mwanamke akarudi kwao, na wazee wakajadili mahari irudishwe kiasi gani. Basi mdaiwa alikuwa baba mkwe. Chakula cha mwanamke kilikuwa jukumu la ukoo wake.

Pwani ya Tanga neno hilohilo, mahari, lilikuwa na maana nyingine, kwa kuwa katika sheria ya Kiislamu mahari ni mali ya mke mwenyewe. Pamoja na mahari, mume alitakiwa kumpa mkewe masurufu, na akimwacha, kumtunza mpaka eda iishe. Waarabu huyaita masurufu hayo nafaqa, na ndilo neno lililozaa nafaka ya Kiswahili, ambayo sasa ni mahindi na mtama ghalani. Maana ya haki imepotea katika neno, imebaki ya chakula. Uislamu ulipopanda milimani, na wamisionari wa Bethel walipofika Mlalo mwaka 1891, Washambaa wakawa na mizani tatu za kupimia talaka moja.

Mabaraza ya wenyeji, yaliyopangwa upya kwa sheria ya mwaka 1951, yalihukumu kwa mila. Kwa sheria ya mwaka 1963 mahakama za mwanzo zikachukua nafasi yake, na mwaka huohuo mila za makabila yafuatayo ukoo wa baba zikatangazwa kwa maandishi. Hata humo urejeshaji wa mahari umepewa nafasi kubwa. Mageuzi yalikuja na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 115 kiliipa mahakama uwezo wa kumwamuru mwanamume amtunze hata mke aliyekwisha kuachwa, iwapo pana sababu maalumu. Haki hiyo hukoma mwanamke akiolewa tena.

Akikaidi je? Hapa hukumu hutimizwa kwa Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966, iliyofuata sana ile ya India ya mwaka 1908. Mali yake yaweza kukamatwa, au yeye mwenyewe awekwe gerezani kama mfungwa wa madai, muda usiozidi miezi sita. Jambo hili lisichanganywe na kudharau mahakama, ambalo ni kosa katika Kanuni ya Adhabu. Mfungwa wa madai si mhalifu, na aliyeshindwa kulipa kwa umaskini mahakama yaweza kukataa kumfunga.

Lakini liko sharti moja ambalo watu wa mila wasingelielewa kwa urahisi: posho ya mfungwa huyo hulipwa na mdai. Mwanamke aliyeshuka Lushoto kutafuta chakula chake hutakiwa kwanza kuweka fedha za kumlisha mwanamume aliyemnyima. Miezi yote hiyo shamba la mdaiwa halina mlimaji, na siku atakapofunguliwa deni lake litakuwa halijafutika.