Jinsi protini za bakteria zinavyopokezana zebaki

ZEBAKI ni sumu kwa takriban kila kiumbe, kwa kuwa hunata kwenye salfa iliyomo ndani ya protini na kuzilemaza. Hata hivyo, wapo bakteria wanaostawi katika matope yaliyochafuliwa kwa madini hayo. Kinga yao hutokana na kundi la protini ambazo hupokezana sumu hiyo, isipate mwanya wa kugusa kitu kingine.

Protini iitwayo MerR ndiyo bawabu. Hukaa juu ya DNA na kuzizuia jeni za kundi hilo zisifanye kazi bure. Zebaki inapoingia, MerR huinasa, hubadili umbo na kuilegeza DNA, na papo hapo jeni huanza kusomwa.

Katika nafasi iliyo kati ya tando mbili za bakteria, MerP huishika ioni ya zebaki kwa jozi ya salfa. Huikabidhi MerT, iliyojichomeka katika utando wa ndani, nayo huifikisha kwa MerA. Kimeng'enya hiki huiongezea ioni elektroni mbili na kuigeuza kuwa zebaki halisi, ambayo hutoka nje ya seli kama mvuke. Bakteria wengine wana MerB pia, inayokata kifungo cha kaboni katika zebaki ya methili, sumu iliyowalemaza wakazi wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka wa 1956.

Ajabu ni kwamba adui hukaribishwa ndani ili auawe. Bakteria aliyepoteza MerA huku akibaki na MerT hudhurika kuliko yule asiye na kinga yoyote.

Tena zebaki yenyewe haiangamizwi. Huhamia hewani tu. Wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakiwemo wa Migori, wanaochoma zebaki ili kupata dhahabu yao, wasitarajie bakteria wawasafishie mito bila gharama.

Lipo pia la hospitalini. Jeni hizi mara nyingi husafiri kutoka bakteria mmoja hadi mwingine zikiandamana na jeni za usugu dhidi ya dawa. Kipande cha DNA kiitwacho Tn21 hubeba usugu dhidi ya zebaki pamoja na ule wa streptomisini na dawa za salfa. Mwaka wa 1993, watafiti wakiongozwa na Anne Summers wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, waliripoti kwamba nyani waliozibwa meno kwa mchanganyiko wenye zebaki waliongezeka bakteria sugu kinywani na matumboni, wengi wao wakihimili pia dawa za kuua bakteria.