O'Neal, Pete
Pete O'Neal (alizaliwa 1940, Kansas City, Marekani) ni mwanaharakati Mmarekani mweusi. Mwaka 1969 alianzisha tawi la chama cha Black Panther mjini kwao. Alipohukumiwa kifungo mwaka 1970 kwa kuvusha bunduki kutoka jimbo moja hadi jingine, alitoroka, akapitia Uswidi na Algeria, akatia nanga Tanzania mwaka 1972. Huko Imbaseni, karibu na Arusha, yeye na mkewe Charlotte walijenga kituo cha jamii, UAACC, ambacho kuta zake zimejaa michoro. Charlotte, yaani Mama C, ni mshairi. Hupiga nyatiti, kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi nane, ambacho kidesturi kilikuwa cha wanaume. Asiyewajua aanze na filamu A Panther in Africa (2004). Geronimo ji Jaga, mwenzao wa Black Panther aliyesota gerezani miaka 27 kabla hukumu yake haijafutwa, alifariki Imbaseni mwaka 2011.