SEHEMU YA 3: NYANYA HAINA KAMPUNI (historia fupi ya kuponi za chakula)

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, sasa tuendelee tulipoishia. Kila siku wodini tunamwambia mgonjwa wa presha au sukari ale mboga za majani na matunda. Anaitikia vizuri tu, halafu anauliza swali ambalo halipo kwenye kitabu chochote nilichosoma chuoni: "Sawa nesi, hela ya matunda naitoa wapi?"

Ni swali la haki kabisa. Leo sikupi orodha ya vyakula. Nakupa historia ya watu waliojaribu kulijibu kwa karatasi, yaani kuponi. Sehemu kubwa ya historia hii ni ya Marekani, lakini vumilia, mwishoni tutafika Kakuma, hapo kwa jirani zetu Kenya.

Tuanze na soda. Mwishoni mwa miaka ya 1880, mfanyabiashara wa Atlanta aitwaye Asa Candler alianza kugawa vikaratasi. Unakwenda nacho dukani, unapewa glasi moja ya Coca-Cola bure. Inakadiriwa kwamba kati ya 1894 na 1913 glasi zipatazo milioni 8.5 zilinyweka kwa njia hiyo. Bure! Ila ukishaonja mara mbili, ya tatu unanunua mwenyewe. Kampuni za nafaka za kifungua kinywa zikaiga, baadaye za sabuni, biskuti na vyakula vya makopo.

Sasa fikiria kidogo. Kuponi ya namna hii inachapishwa na mtu mwenye bidhaa yenye jina. Nyanya haina kampuni. Mchicha hauna nembo. Mkulima akichapisha kuponi ya mchicha, wewe utaichukua ukanunue mchicha wa jirani yake! Ndiyo maana hata leo mtu anayekata kuponi magazetini huko kwao anarudi nyumbani na kapu limejaa soda na vitu vya pakiti. Ameokoa hela kweli, lakini kapu halina jani hata moja.

Kwa hiyo kuponi ya chakula kibichi ilibidi itoke kwingine. Na haikutoka hospitali wala wizara ya afya. Ilitoka kilimo.

Miaka ya 1930 Marekani ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi. Mazao yalishuka bei hadi mkulima anaona hasara kuyapeleka sokoni, na wakati huohuo mijini watu wanapanga foleni za mkate. Mwaka 1933 serikali ilinunua na kuua nguruwe wadogo wapatao milioni 6 ili kupandisha bei ya nyama. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Ofisa mmoja wa wizara ya kilimo, Milo Perkins, aliielezea hali hiyo kama korongo: upande huu chakula cha ziada, upande wa pili watu wenye njaa wamenyoosha mikono. Kazi yao ilikuwa kujenga daraja.

Daraja lilizinduliwa Rochester, jimbo la New York, tarehe 16 Mei 1939, wakati Henry Wallace akiwa waziri wa kilimo. Liliitwa mpango wa stempu za chakula. Ulikuwa hivi: unanunua stempu za rangi ya chungwa kwa hela ile ambayo ungetumia kwa chakula siku zote. Kwa kila dola 1 ya stempu za chungwa unaongezewa bure stempu za bluu za senti 50. Ukinunua za dola 4, unapata za bluu za dola 2. Za chungwa zilinunua chakula chochote dukani. Za bluu zilinunua vile tu ambavyo wizara imetangaza kuwa ni vya ziada: siagi, mayai, unga, maharage makavu, machungwa, na orodha ilibadilika kadiri mavuno yalivyobadilika.

Mimi napenda kitu kimoja hapa. Maskini hakupangishwa foleni kwenye ghala la msaada. Aliingia dukani kama mteja mwingine, akachagua mwenyewe, na mwenye duka naye akapata biashara. Wale mnaokumbuka vocha za pembejeo za mbolea na mbegu mtaielewa haraka, ni wazo lilelile. Ujanja nao ulianza mapema. Haikufika hata miezi sita, mwenye duka wa kwanza akanaswa akikiuka masharti.

Lakini ona kasoro. Machungwa yalikuwemo kwa sababu yalizidi mashambani. Hakuna aliyekaa akajiuliza mwili wa mtoto unahitaji nini. Msimu ambao hayakuzidi, basi. Hata hivyo mpango uliwafikia watu wapatao milioni 20 kwa nyakati tofauti, ukafungwa mwaka 1943, maana vita ilileta ajira na ile ziada ikaisha.

Ulirudi baada ya miaka 18. Rais Kennedy alipoingia madarakani mwaka 1961 aliagiza ujaribiwe upya, na tarehe 29 Mei mwaka huo familia ya kwanza ikapata stempu katika wilaya ya McDowell, West Virginia, eneo la machimbo ya makaa ya mawe ambako kazi zilikuwa zimekauka. Ilikuwa nyumba ya watu 15, walichukua stempu za dola 95. Unajua kitu cha kwanza walichonunua? Kopo la maharage yenye nyama ya nguruwe.

Tafadhali usiwacheke. Ukiwa na midomo 15, kopo lina akili kuliko mchicha. Halinyauki, halihitaji friji, linashibisha, na likibaki leo litaliwa wiki ijayo. Msaada unaokuja mara moja kwa mwezi na mboga inayooza siku ya tatu haviendani, hata huku kwetu. Mtu anayewaambia maskini "kuleni vibichi" bila kufikiria jambo hilo hajawahi kupanga bajeti ya mwezi mzima kwa siku moja.

Mwaka 1964 ikawa sheria kamili. Wakati inajadiliwa, wabunge walitaka soda zizuiliwe zisinunuliwe kwa stempu. Kifungu hicho kiliondolewa, soda ikapita. Yaani Candler angekuwepo angecheka. Na kulikuwa na tatizo lingine kubwa zaidi: bado ilibidi uwe na hela taslimu ya kununulia stempu kwanza. Asiyekuwa na kitu kabisa alibaki nje. Sharti hilo lilifutwa kwa sheria ya 1977, na utekelezaji ukaanza 1979.

Kwa upande wa afya, mwaka 1972 ulianzishwa mpango wa WIC, wa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo. Huu sasa ulihusisha kliniki na vipimo vya lishe, kitu ninachokifahamu. Vocha zake zilitoa maziwa, mayai, jibini, nafaka, maharage, juisi. Mboga mbichi? Kwa miaka mingi hakuna, kasoro karoti zilizoongezwa baadaye kwa mama anayenyonyesha bila kuchanganya na maziwa ya kopo. Mpango wa afya, na mboga ni karoti peke yake! Mabadiliko yalikuja 2009: mtoto akapewa dola 6 kwa mwezi za matunda na mboga tu. Ni kidogo, ndiyo. Lakini duka likitaka kupokea vocha za WIC lililazimika kuweka angalau aina mbili za matunda na aina mbili za mboga. Vijiduka vya mitaa ya maskini vilivyokuwa vinauza chipsi za pakiti na sigara vikaanza kuweka ndizi na vitunguu. Kwangu mimi hapo ndipo kuponi ilifanya kazi ya dawa, kwa sababu iligusa duka na si mfuko wa mtu peke yake.

Kabla ya hapo kulikuwa na peasi. Gus Schumacher, mtoto wa familia ya wakulima wa Massachusetts, alikuwa anafungasha mzigo baada ya soko huko Boston, miaka ya 1980 ikiwa ndiyo inaanza. Kreti likapasuka, peasi zikamwagika mtaroni (ni tunda lilelile la Lushoto). Akamwona mama mmoja anaziokota na watoto wake. Alikuwa anapata stempu za chakula, na bado matunda hakuyamudu. Schumacher baadaye akawa mkuu wa kilimo wa jimbo hilo, na mwaka 1986 Massachusetts ikaanza kutoa kuponi za kutumika kwenye magulio ya wakulima. Mwaka 1992 ukawa mpango wa nchi nzima.

Halafu teknolojia ikaharibu kidogo. Stempu za karatasi zikageuzwa kadi kama ya benki, na ilipofika 2004 majimbo yote yalikuwa yanatumia kadi. Safi dukani, lakini mkulima mwenye meza yake chini ya mti hana mashine ya kadi. Magulio mengi yakakosa wateja hao hadi yalipopata mashine. Mwaka 2009 Detroit wakaja na jambo zuri: ukitumia dola 1 ya msaada kwenye gulio, unaongezewa dola 1 nyingine ya matunda na mboga.

Haya, Kakuma. Mgao wa kambini kwa miaka mingi ulikuwa vikavu: nafaka, kunde, mafuta, chumvi. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza Bamba Chakula, sehemu ya mgao ikawa hela ya kwenye simu inayonunua chakula kwa wafanyabiashara waliosajiliwa humohumo kambini. Mtu akaweza kununua maziwa, nyama, sukuma wiki. Na bado mwaka 2017 hadi 2018 vijana wa kiume wa Sudan Kusini walianza kufika kliniki na maumivu ya miguu na ufizi uliovimba. Kilikuwa kiseyeye, ugonjwa wa mabaharia wa zamani, ukosefu wa vitamini C. Vocha ilikuwepo mfukoni. Ila vocha ndogo na njaa kubwa vikikutana, hela inakwenda kwenye kinachoshibisha, kama kule West Virginia.

Sehemu ya 4 Jumamosi, nikiwa off: Uingereza wakati wa vita, na kwa nini kliniki za watoto ziligawa juisi ya machungwa pamoja na mafuta ya samaki.