Alama Moja Baada ya Nyingine: Tarikhi ya Waya Tangu Karonga Hata Tukuyu

Katika miaka ya tisini ya karne ya 19, wamishenari wa Kimoravian walipokuwa wamekwisha kujenga Rungwe tangu 1891, na boma la Wadachi lilipokuwa lingali chini ufukweni mwa ziwa Nyasa, halijapandishwa kuja Tukuyu, mahali walipopaita baadaye Neu-Langenburg, kampuni ya Kiingereza iliyoitwa African Transcontinental Telegraph ilikuwa ikisimamisha nguzo na kutandaza waya kutoka kusini, kwa matamanio ya Cecil Rhodes aliyetaka Cape Town na Cairo zisemezane kwa waya wa nchi kavu. Waya huo ulifika Blantyre 1895, ukafuata ziwa hata Karonga, ng'ambo ya mto Songwe. Na maadamu njia yake ya mbele haikuweza kuepuka milki ya Wadachi, Rhodes alikwenda Berlin mwenyewe, mwezi Machi 1899, kumtaka idhini Kaisari Wilhelm wa Pili, akaipata. Hatimaye waya ulifika Ujiji, ukakoma hapo, Cairo haikuuona.

Faida ya kuwa karibu na waya, na hasara ya kuwa baidi nao, zilidhihirika katika ziwa hilo hilo Agosti 1914. Habari ya vita ilipowafikia Waingereza wa Nyasaland, Kamanda Rhoades alitumwa na meli yake Gwendolen kuitafuta meli ya Wadachi, Hermann von Wissmann, akaikuta tarehe 13 huko Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhaven, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na nahodha wake Berndt, aliyekuwa rafiki yake wa siku nyingi, hana habari kwamba mataifa yao mawili yanapigana. Meli ikaharibiwa, nahodha akachukuliwa mateka. Mwezi haujatimia, askari wa upande wa Neu-Langenburg wakiongozwa na Kapteni von Langenn waliishambulia Karonga, tarehe 9 Septemba, wakarudishwa nyuma.

Nimeianza tarikhi hii kwa waya wa Karonga kwa sababu jambo lililofanyika ndani yake ndilo lifanyikalo leo ndani ya mashine ndogo zilizotapakaa mjini Tukuyu, tena kwa kanuni ambayo shina lake halikubadilika. Waya mmoja hauwezi kuchukua herufi nzima kwa mara moja. Sharti herufi ivunjwe vipande, na vipande vipite kimoja baada ya kingine, kwa mpango ambao mpelekaji na mpokeaji wamekwisha kukubaliana. Tuichukue herufi T, inayoanza jina la Tukuyu. Katika alfabeti ya Morse herufi hiyo ni mstari mmoja mrefu, na mpokeaji aliutambua urefu wake kwa sikio lake. Mfaransa Émile Baudot, katika hati yake ya uvumbuzi ya 1874, aliipa kila herufi nafasi tano zenye muda sawa. Na katika alfabeti ya kimataifa iliyotokana na kazi yake, T huwa tundu moja tu kwenye utepe wa karatasi, nalo ni la tano.

Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo wahandisi wameishi nalo hata leo: ikiwa herufi yajulikana kwa mahali pa tundu, mpokeaji atajuaje kwamba hili ni la tano, wala si la nne? Mpelekaji na mpokeaji hawaonani, na hakuna waya wa pili wa kuwagongea saa. Wako kama wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja, ambao pasipo kupatana mapigo, michi yao itagongana. Jawabu lililopata nguvu katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, hususan kwa kazi ya Charles Krum na mwanawe Howard huko Marekani, lilikuwa kutanguliza alama ya kuanza mbele ya kila herufi na kuifuatisha alama ya kukoma, hata saa ya mpokeaji ikawa yaanzishwa upya kwa kila herufi, na kosa dogo la mwendo likafutika kabla halijawa kubwa. Kwa rai yangu, hikima hii yastahili kuhesabiwa miongoni mwa fikira bora za karne iliyopita.

Yaliyofuata yalikwenda kwa haraka. Mwaka 1960 Wamarekani walitoa kanuni ya RS-232, iliyopanga volti za waya kati ya kompyuta na modemu. 1963 ikatolewa alfabeti ya ASCII. Gordon Bell wa kampuni ya DEC akabuni saketi ya kuvunja na kuunga herufi kwa ajili ya kompyuta ya PDP-1, na kufika mwanzo wa miaka ya sabini kazi hiyo yote ilikuwa imetiwa ndani ya chipu moja. Mwaka 1980 Intel ikatoa 8051, maikrokontrola, yaani kompyuta nzima katika chipu moja, yenye ndani kwa ndani mlango wake wa siriali, yaani wa kupitisha alama moja baada ya nyingine.

Nchi yetu ilikuwa wapi? Kompyuta ya kwanza iliwekwa Hazina 1965. Mwaka 1974, baada ya hasara iliyopatikana katika hesabu za serikali zilizotiwa mashineni, uagizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku. Sikusudii kuwalaumu waliotoa amri hiyo, kwani fedha za kigeni zilikuwa adimu na mashine zile zilikuwa ghali. Lakini wakati ule ule chipu ilikuwa ikizaliwa na bei yake ikishuka, na kizazi kizima cha vijana wetu kilimaliza shule bila kuigusa. Rungwe ilipata bahati ya kuwa na mwakilishi aliyeielewa elimu hii: Profesa Mark Mwandosya, mwalimu wa uhandisi wa umeme wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kisha Mbunge wa Rungwe Mashariki, alishika Wizara ya Mawasiliano na Uchukuzi tangu 2000 hadi 2005, na katika muda wake, 2003, ikatolewa Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano.

Leo mwenye kutaka kuiona kanuni ya waya mmoja na asimame kituo cha mabasi Tukuyu. Basi la safari ndefu latakiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, liwe na kifaa cha kufuatilia mwendo wake. Ndani ya vifaa vya namna hii aghalabu mna chipu ya kupokea satelaiti, mna modemu ya simu, na kati yao maikrokontrola inayosemezana nazo kwa milango ya siriali. Chipu ya satelaiti hutoa sentensi zinazoanza kwa alama ya dola, zenye saa, mahali na kasi, kwa kanuni ya NMEA ya 1983, ambayo mwendo wake wa asili ni baudi 4800, yaani alama 4800 kwa sekunde. Modemu nayo huamrishwa kwa herufi A na T, desturi iliyoanzishwa na Dennis Hayes 1981. Ile T yetu sasa hupita hivi: sifuri ya kuanza, kisha 0, 0, 1, 0, 1, 0, 1, 0, kisha moja ya kukoma, alama kumi, ambazo kwa baudi 9600 humalizika kwa muda unaozidi kidogo elfu moja ya sekunde.

Mwandishi wa programu hana budi kuupata mwendo huo kwa kuigawa saa ya chipu. Saa ikipiga mara milioni 16 kwa sekunde, na kila alama ikipimwa mara 16 kama ilivyo desturi, baudi 9600 hupatikana kwa kugawa kwa 104, na kosa lake halifiki hata sehemu moja katika mia tano. Lakini akitaka 115,200 atagawa kwa 9, apate 111,111, kosa la asilimia tatu na nusu, ilhali kosa la pande zote mbili likikaribia asilimia tano alama ya mwisho hupotea. Ndiyo sababu mafundi wa 8051 walinunua fuwele za kupigia saa zenye hesabu ngeni, mapigo 11,059,200 kwa sekunde: gawa kwa 12, kisha kwa 32, kisha kwa 3, utapata 9600 kamili bila baki.

Na hapa jiografia ya Rungwe yaingia katika hesabu. Chipu isiyofungiwa fuwele hutumia saa yake ya ndani, ambayo mwendo wake hugeuka kwa joto. Gari litokalo kwenye baridi ya Isongole, likapita Tukuyu na kuteremka hata Kyela kwenye joto la ziwa, limeshuka zaidi ya mita elfu moja kwa safari ya saa chache. Kifaa kilichosema vyema asubuhi mlimani chaweza kutoa herufi zisizosomeka adhuhuri, na fundi asiyeijua asili ya saa hiyo atabadilisha waya, abadilishe betri, abadilishe modemu, wala asipate dawa.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa fizikia wa shule za sekondari za Rungwe, na jirani zao wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, wasingoje maabara kubwa. Vibao viwili vya maikrokontrola na nyaya tatu, wa kupeleka, wa kupokea na wa ardhi, vyatosha kwa somo la kwanza. Na mwanafunzi aandike mwenyewe programu ya kuivunja T vipande kumi na kuiunga tena upande wa pili, kabla hajaruhusiwa kutumia programu iliyoandikwa na mtu mwingine.