RNA zisizounda protini zachangia namna seli inavyopokea amri ya homoni

HOMONI hutolewa na tezi, huingia katika damu na kusambaa karibu mwili mzima. Hata hivyo, si kila seli huitii homoni inayoifikia. Tofauti hiyo hutokana kwanza na vipokezi vilivyomo ndani ya seli na pia, kama ilivyoanza kubainika mwaka 1999, na molekuli za RNA zisizounda protini.

Vipokezi vya kiini ni protini zinazokaa ndani ya seli. Homoni zinazoyeyuka katika mafuta, kama vile estrojeni, testosteroni na kortisoli, hupenya utando wa seli na kushikamana navyo. Kipokezi kikishaipata homoni yake, hung'ang'ania sehemu maalumu za DNA na kuwasha au kuzima jeni zilizo karibu. Binadamu ana jeni 48 za vipokezi vya jamii hiyo.

Umuhimu wa vipokezi hivyo ulidhihirika katika tiba ya saratani ya matiti. Zamani, wanawake wenye ugonjwa uliosambaa waliondolewa ovari au tezi za adrenali ili kupunguza estrojeni, lakini takriban theluthi moja tu ndio waliopata nafuu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elwood Jensen wa Chuo Kikuu cha Chicago alionyesha kuwa estrojeni hunaswa na protini iliyomo katika tishu zinazoitii. Kutokana na ugunduzi huo, uvimbe ulianza kupimwa vipokezi kabla ya tiba kuchaguliwa. Mwaka 2004, Jensen alipata Tuzo ya Lasker pamoja na Pierre Chambon wa Ufaransa na Ronald Evans wa Marekani.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa wasaidizi wa vipokezi ni protini pekee. Mwaka 1999, watafiti wa Chuo cha Tiba cha Baylor, Houston, walikuwa wakitafuta protini za aina hiyo walipokutana na RNA, wakaiita SRA. RNA hiyo huongeza nguvu ya vipokezi vya homoni za steroidi. Baadaye iligundulika kuwa baadhi ya maumbo yake huunda protini pia.

RNA nyingine, iitwayo Gas5, hufanya kinyume. Seli inapokosa virutubisho, Gas5 hurundikana. Sehemu yake moja hujikunja na kufanana na mahali ambapo kipokezi cha kortisoli hukamata DNA. Kipokezi hudanganyika, hushika RNA hiyo badala ya DNA, na jeni ambazo kortisoli ingeziwasha hubaki zimezimwa. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2010.

Kundi la tatu ni RNA ndogo mno zijulikanazo kama maikroRNA. Ya kwanza iligunduliwa katika minyoo mwaka 1993 na Victor Ambros na Gary Ruvkun, waliotunukiwa Nobel mwaka 2024. RNA hizi hazigusi kipokezi chenyewe, bali huzuia kisiundwe. MaikroRNA namba 206, kwa mfano, hupunguza kipokezi cha estrojeni, na kipokezi hicho nacho kikiamshwa huipunguza RNA hiyo.

Jambo hilo lina uzito kwa wagonjwa. Dawa ya tamoksifeni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1977, hufanya kazi kwa kuziba kipokezi cha estrojeni. Baadhi ya uvimbe huitii, kisha huacha. Majaribio ya maabara yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa seli za saratani zilizoongezewa maikroRNA namba 221 na 222 hustahimili dawa hiyo.

Hospitalini, kipimo cha vipokezi ndicho kinachoendelea kuongoza uamuzi wa kutumia tiba ya homoni, na RNA hizi hazijachukua nafasi yake. Mchango wake mpaka sasa ni kueleza kwa nini wagonjwa wawili wenye vipokezi vya aina moja wanaweza kupewa dawa ileile, mmoja akapona na mwingine asipone.