Pikipiki Imegoma Kuwaka: Historia Fupi ya Kutafuta Hitilafu, Kutoka Cannstatt Hadi Ukunda

Hapa kwa kawaida tunaongea mambo ya programu na kompyuta, lakini leo naomba tushuke barabarani. Ukisimama pale Ukunda, barabara ya kwenda ufuoni Diani inapoachana na ile kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga, utakuta pikipiki zimejipanga zikingoja abiria. Matatu hupita barabara kuu. Hizi ndizo zinazokufikisha mlangoni. Na kila moja ni riziki ya mtu. Isipowaka alfajiri, siku imekufa, na mwenye kudai hesabu ya jioni hatasikiliza habari za plagi.

Sasa basi, mpelekee fundi pikipiki iliyogoma, awe wa Msambweni au wa nchi ya mbali. Atatafuta mambo matatu: petroli inafika? Cheche ipo? Kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, upo? Maswali haya yametoka wapi? Turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1885 huko Cannstatt, Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walitengeneza chombo cha mbao chenye injini ya petroli, ambacho wengi hukihesabu kuwa pikipiki ya kwanza ya aina hiyo. Hakikuwa na plagi. Kilikuwa na kijibomba kilichopashwa moto kwa mwali uliowaka nje ya injini. Yaani ukitaka kujua kama moto upo, unautazama tu kwa macho!

Mwaka 1902 mhandisi Gottlob Honold, wa kampuni ya Robert Bosch, alikamilisha magneto ya volti kubwa inayorusha cheche kwenye plagi. Injini zikapata mwendo bora, lakini moto ukajificha ndani. Hapo ndipo kazi ya kutafuta hitilafu ilipoanza kwa kweli, maana fundi alilazimika kupata njia ya kukiona kisichoonekana. Njia hiyo bado inatumika leo: toa plagi, irudishe kwenye kofia yake, iguse kwenye chuma cha injini, piga kiki, tazama cheche.

Kwa miaka mingi cheche ile iliongozwa na pointi, vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana. Pointi zilichafuka, zikaungua, zikapoteza kipimo. Lakini fundi aliweza kuzisugua kwa msasa na kuzirekebisha mwenyewe. Kisha ukaja mfumo wa CDI, ambao Kawasaki waliutumia kwenye H1 ya mwaka 1969. Hakuna pointi za kuchakaa tena. Ila kile kiboksi kimezibwa kabisa, na kikifa kimekufa. Fundi hakifungui, anaazima kingine kizima, anakipachika, anaona kama injini itawaka. Sisi wa kompyuta tunaijua sana mbinu hii, ndiyo ileile ya kubadilisha memori kwa kubahatisha.

Mwaka 1976 Honda walitoa CG125. Walichagua kwa makusudi injini ya mtindo rahisi, isiyo na cheni ya kuzungusha shafti ya valvu kule juu, kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubeba mizigo mizito na oili huchelewa kubadilishwa. Viwanda vya China vikaiga muundo huo kwa wingi, na jamaa zake wakafika kwetu.

Kwetu nako soko lilikuwa linajengeka. Jina bodaboda lilitokea mpakani Busia miaka ya 1960, vijana walipovusha watu kwa baiskeli kati ya Kenya na Uganda. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliziondolea pikipiki zilizo chini ya sisi 250 kodi ya ongezeko la thamani. Kukawa na pikipiki kila kijiji, na chini ya kila mwembe fundi. Wengi walijifunza kwa kumtazama mwenzao, wakiwa na spana chache na yale maswali matatu.

Pwani ina nyongeza yake. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Shaba ya waya hugeuka kijani, umeme ukapungua njiani. Masika yakianza, maji huingia kwenye kofia ya plagi. Kwa hiyo kwa mtu wa Diani mpangilio ningeuweka hivi:

1. Tazama ya bure kwanza: swichi nyekundu ya kuzimia, koki ya petroli, na petroli yenyewe ndani ya tangi.
2. Vuta kofia ya plagi, ikaushe. Safisha viungo vya waya vyenye kutu ya kijani.
3. Piga kiki mara kadhaa, kisha toa plagi uitazame. Ikiwa kavu, petroli haifiki: kagua koki, mpira wa petroli na kabureta. Ikiwa imelowa, petroli inafika, basi shuku cheche.
4. Pima cheche, mbali na petroli iliyomwagika. Cheche ya buluu yenye nguvu ni njema. Dhaifu ya manjano ni ya kutiliwa shaka.
5. Ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, piga kiki, swichi ikiwa imezimwa. Usiposukumwa na hewa, tatizo liko kwenye valvu au ringi za pistoni.

Angalia hatua ya tatu. Kipimo kimoja kimegawa tatizo nusu kwa nusu. Ndivyo tunavyosaka kosa kwenye programu ndefu: kata katikati, uliza upande upi ni mzima.

Sasa tufike kwenye lililonifanya niandike. Tarehe 1 Septemba 2023, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, mjini Mombasa, Rais William Ruto alizindua mpango wa taifa wa pikipiki za umeme. Kelele na moshi vitapungua, na hilo ni jema. Lakini pikipiki ya umeme haina petroli, haina plagi, haina kompresheni. Maswali yote matatu yamekufa kwa mpigo mmoja! Ikigoma, sababu inaweza kuwa imeandikwa ndani ya programu inayosimamia betri, na fundi wa chini ya mwembe hana ufunguo wa kuisoma.

Tangu 1885 kila hatua imeficha moto zaidi, na kila mara fundi alipata tundu la kuchungulia. Safari hii tundu hilo hulipati kwa spana. Lazima anayeandika programu aliache wazi. Sisi waandishi wa programu ndio tunaoamua kama kosa litaonyeshwa kwa maneno anayoyaelewa mtu wa Ukunda, au litafungiwa kwa nywila ofisini Nairobi. Tusiwafungie mlango.

Haya, kazi kwenu. Kesho alfajiri ikigoma, anza na ile swichi nyekundu.